Kocha Aliyeliacha Benchi Lake: Uchambuzi wa Kisa cha John Thompson, Januari 1989

Jumamosi, tarehe 14 Januari 1989, katika ukumbi wa Capital Centre uliokuwa Landover, Maryland, nje kidogo ya jiji la Washington, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Georgetown ilikuwa inajiandaa kucheza na Boston College. Kocha wa Georgetown, John Thompson, alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye urefu wa mita 2.08, na begani alikuwa na taulo jeupe ambalo wapenzi wa mchezo huo walilizoea kama walivyoizoea sura yake. Kabla refa hajarusha mpira juu, Thompson aliliacha benchi, akashika njia ya kutokea, huku watazamaji wakisimama na kumpigia makofi. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa amefukuzwa na refa. Alikuwa ameshatangaza kwamba hatakaa kwenye benchi la mchezo wowote unaosimamiwa na NCAA, yaani chama kinachoendesha michezo ya vyuo nchini Marekani, mpaka jambo fulani lipatiwe ufumbuzi.

Jambo lenyewe lilikuwa kanuni iliyopitishwa siku chache tu kabla, katika mkutano mkuu wa NCAA uliofanyika San Francisco, na iliyojulikana kwa jina la Pendekezo namba 42. Mimi nimekirudia kisa hiki mara nyingi kwa sababu kina fundo ambalo halifunguki kwa kusema tu kwamba kocha alitetea vijana wake. Huyu ndiye kocha aliyekuwa mkali kuliko karibu wenzake wote katika suala la wachezaji kusoma na kumaliza shahada. Kanuni aliyoipinga ilidai kwamba nayo inataka wachezaji wasome. Ilikuwaje basi mtu wa elimu akasusia mchezo kwa sababu ya kanuni ya elimu?

Ni lazima kwanza kanuni hiyo ieleweke. Mwaka 1983 NCAA ilipitisha Pendekezo namba 48, lililoanza kutumika mwaka 1986. Kijana aliyetaka kucheza katika mwaka wake wa kwanza chuoni alipaswa kuwa na wastani wa 2.0 kati ya 4.0 katika masomo 11 ya msingi ya sekondari, na pia kupata alama zisizopungua 700 kati ya 1600 katika mtihani wa SAT, au 15 katika mtihani wa ACT, mitihani ambayo vyuo vya Marekani huitumia kupokea wanafunzi. Aliyetimiza sehemu tu ya masharti hayo aliachiwa upenyo: chuo kiliweza kumpokea na kumlipia masomo, ila mwaka wa kwanza asicheze, na mwaka huo uhesabiwe kuwa umepotea katika miaka yake minne ya kucheza. Ilikuwa adhabu, lakini adhabu iliyomwacha kijana akiwa darasani. Pendekezo namba 42, ambalo lingeanza kutumika mwaka 1990, liliuziba upenyo huo. Kijana wa aina hiyo asingeruhusiwa kupewa na chuo msaada wa fedha katika mwaka wake wa kwanza. Kwa mtoto wa tajiri kanuni hiyo haikuwa na uzito, kwa kuwa mzazi angelipa karo na mwaka ungepita. Kwa mtoto wa maskini ilikuwa na maana kwamba hatakanyaga chuo kabisa, na wengi mno wa waliokuwa wakinaswa na Pendekezo namba 48 walikuwa Wamarekani Weusi.

Hapo ndipo maisha ya Thompson mwenyewe yanapoingia katika kisa, na nadhani asiyeyajua maisha hayo hawezi kuielewa hasira yake. Alizaliwa Washington tarehe 2 Septemba 1941. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha vigae na hakujua kusoma wala kuandika. Mama yake alikuwa amesomea ualimu, lakini alijikuta akifanya kazi za usafi katika nyumba za watu. Mtoto mwenyewe alichelewa kujua kusoma, kwa sehemu kwa sababu ya macho mabovu, na shule ya Kikatoliki aliyoanzia ilimwona mzito wa akili ikamwondoa. Aliyemwokoa ni mwalimu wa shule ya serikali, mwanamke aliyeitwa Sametta Wallace Jackson, ambaye hakukubali kwamba mtoto yule ni mjinga. Miaka kadhaa baadaye mtoto huyohuyo alikuwa nguzo ya timu ya sekondari ya Archbishop Carroll iliyoshinda michezo 55 mfululizo, akahitimu Providence College mwaka 1964, kisha akacheza misimu miwili katika Boston Celtics akiwa mchezaji wa akiba nyuma ya nyota wake Bill Russell, na katika misimu yote miwili timu hiyo ikatwaa ubingwa. Kwa hiyo mtu huyu aliposema kwamba mtihani wa asubuhi moja hauwezi kueleza akili ya mtoto, alikuwa anazungumzia pia cheti ambacho yeye nusura akikose. Na msomaji wa kwetu aliyewahi kungoja matokeo ya darasa la saba hahitaji kufafanuliwa sana hisia hiyo.

Baada ya kuacha kucheza alirudi Washington, akafundisha mpira katika sekondari ya St. Anthony's kwa miaka sita, akashinda michezo 122 na kupoteza 28, huku akisomea shahada ya uzamili katika ushauri nasaha. Mwaka 1972 Georgetown ilimwajiri. Timu aliyokabidhiwa ilikuwa imeshinda michezo mitatu tu na kupoteza 23 katika msimu uliotangulia. Georgetown ni chuo cha Wajesuti, shirika la watawa wa Kikatoliki, na ni cha watu wenye nafasi zao, kilicho katika mji ambao wakati huo idadi kubwa ya wakazi wake walikuwa Weusi, nacho kilikuwa na wanafunzi Weusi wachache sana. Kocha mpya alikuja na vijana kutoka mitaa ya jiji hilohilo, pamoja na mtu mmoja ambaye katika timu nyingine asingekuwepo: Mary Fenlon, aliyewahi kuwa mtawa, aliyefundisha naye St. Anthony's. Kazi ya Fenlon haikuwa mpira. Alisimamia masomo ya wachezaji, alisafiri na timu, na alikaa kwenye benchi siku za mchezo. Mchezaji aliyezembea darasani alijua kwamba mwanamke aliyekaa hatua chache kutoka kwa kocha ana habari zake zote.

Ofisini kwake Thompson aliweka mpira wa kikapu uliotolewa upepo. Kila mchezaji aliyeingia kuzungumza naye aliuona umelala mezani, umebonyea, hauwezi kudunda hata mara moja. Kocha aliwaambia kwamba siku moja mpira wao utaishiwa upepo namna ile, na lazima wawe na kitu kingine cha kushika. Katika miaka yake 27 ya Georgetown, takriban asilimia 97 ya wachezaji waliokaa naye miaka yote minne walipata shahada zao. Hesabu hiyo, ni haki kusema, haiwahusishi waliohama au kuondoka kabla ya miaka minne, na wapo waliofanya hivyo. Hata hivyo, wakati ambapo vyuo vingi vilikuwa vikiwatumia vijana uwanjani na kuwaacha watoke mikono mitupu, ilikuwa hesabu ya kutisha, na ndiyo iliyompa haki ya kusemea jambo hili mbele ya watu ambao wasingemsikiliza kwa ushindi wake peke yake.

Ushindi nao ulikuwepo, na sitaukalia sana. Mwaka 1982 Georgetown ilifika fainali na kufungwa na North Carolina 63 kwa 62, baada ya kijana wa mwaka wa kwanza aitwaye Michael Jordan kufunga, na baada ya Fred Brown wa Georgetown kukosea na kumpasia mpinzani mpira katika sekunde za mwisho. Thompson alimkumbatia Brown palepale uwanjani. Mwaka 1984, mjini Seattle, waliifunga Houston ya Hakeem Olajuwon kwa 84 kwa 75, na Thompson akawa kocha Mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa wanaume wa daraja la juu la NCAA. Akamkumbatia Brown tena. Yeye mwenyewe alichukizwa na sifa ile ya kuwa wa kwanza, akieleza kwamba inadokeza kana kwamba Weusi waliomtangulia hawakuwa na uwezo, ilhali walichonyimwa ni nafasi.

Jambo lenye uzito zaidi kwa kisa hiki ni lile lililotokea kando ya ushindi. Mwaka 1975, timu ilipokuwa inapoteza michezo, watu fulani walining'iniza shuka dirishani katika ukumbi wa chuo chenyewe, likiwa na maandishi ya tusi la rangi na kumtaka aondoke. Katika miaka ya Patrick Ewing, mchezaji nyota wa Georgetown na mzaliwa wa Kingston, Jamaika, mashabiki wa timu pinzani walimrushia maganda ya ndizi na kubeba mabango ya kudai kwamba hajui kusoma. Thompson aliwahi kuwatoa wachezaji wake uwanjani mpaka bango la namna hiyo liondolewe. Ewing alimaliza shahada yake mwaka 1985, ndani ya miaka minne, ingawa angeweza kuondoka mapema akalipwa mamilioni. Kwa hiyo hatua ya Januari 1989 haikuwa ya ghafla kama magazeti yalivyoichukulia. Mtu huyu alikuwa ameshajua kwamba kuondoka uwanjani kunaonekana na kila mtu, na kwamba neno linalosemwa namna hiyo hulazimika kujibiwa.

Sasa tuwasikilize waliounga mkono kanuni, maana hawakuwa watu wa kupuuzwa, na hawakuwa Wazungu peke yao. Arthur Ashe, bingwa wa tenisi ambaye uadilifu wake hakuna aliyeutilia shaka, alitetea hadharani viwango vikali zaidi. Hoja yake ilikuwa kwamba kijana Mweusi anayejua kuwa kipaji chake kitamfungulia mlango hata asiposoma, hatasoma, na kwamba anayemlegezea masharti anamdharau. Hoja hiyo ilikuwa na ushahidi wa kuuma. Mwaka huohuo wa 1989, Dexter Manley, mchezaji nyota wa mpira wa Kimarekani wa timu ya Washington, aliwaeleza maseneta kwamba alipita shule na miaka minne ya chuo bila ya kujua kusoma ipasavyo. Watu walipomwona mtu mzima, mwenye nguvu na jina kubwa, akizungumza juu ya aibu aliyoificha tangu utotoni, walikuwa na haki ya kuuliza ni nani aliyempitisha.

Lakini swali hilohilo, kwa maoni yangu, ndilo linaloipa nguvu hoja ya Thompson. Aliyempitisha Manley ni walimu, makocha na vyuo vilivyofaidika na mwili wake. Pendekezo namba 42 halikugusa hata mmoja wao. Halikukiadhibu chuo kilichowaacha wachezaji watoke bila shahada, halikumpunguzia kocha nafasi za kusajili kwa sababu wachezaji wake hawahitimu, wala halikuipa shule mbovu ya mjini kitabu kimoja. Lilimtafuta mtu mdogo kuliko wote katika mlolongo ule, kijana wa miaka 18, likamnyima karo. Ashe alikuwa sahihi kwamba masharti huwafanya vijana wajitahidi. Pendekezo namba 48 lilikuwa tayari na masharti hayo, na adhabu yake ya kukaa mwaka mzima bila kucheza ilikuwa inauma vya kutosha. Kilichoongezwa San Francisco hakikuwa kiwango kipya cha elimu hata kidogo, kwa sababu alama zilizotakiwa zilibaki zilezile. Kilichoongezwa ni kuondoa fedha, na fedha huondolewa kwa asiyekuwa nazo. Wengi waliojadili jambo hili wakati ule waliipita nukta hiyo haraka mno, wakabaki kubishana kama vijana Weusi wanaweza kusoma, swali ambalo kanuni yenyewe haikuliuliza.

Katika kikosi cha Georgetown cha msimu ule alikuwepo kijana ambaye kwa wasomaji wa Afrika ni wa karibu zaidi. Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa mwaka 1987 kwa ufadhili wa USAID, akiwa na nia ya kuwa daktari na akiwa na Kiingereza kidogo sana. Mwaka wake wa kwanza hakuwa katika timu. Thompson alimwingiza msimu wa 1988/89. Sisemi kwamba Pendekezo namba 42 lingemzuia, maana yeye hakuja kwa mlango wa michezo. Namtaja kwa sababu anaonyesha kitu ambacho kocha alikuwa anakiona kila siku mazoezini: kijana ambaye kipimo cha Kiingereza siku anayoshuka kwenye ndege kingemweka chini kabisa, na ambaye mwaka 1991 alihitimu katika isimu na diplomasia, kisha mwaka 2007 hospitali aliyoijenga kwa kumbukumbu ya mama yake, Biamba Marie Mutombo, ikawa inapokea wagonjwa Kinshasa.

Namna Thompson alivyosusia inastahili kutazamwa kwa makini. Hakuwaomba wachezaji wagome. Aliwaachia mchezo wao, akamkabidhi timu msaidizi wake Craig Esherick, nao wakaifunga Boston College 86 kwa 60. Baadhi ya watu walimlaumu kwamba amewatelekeza vijana katikati ya msimu. Mimi naona kinyume chake. Kama angewatoa wote, wangepoteza mchezo mezani, na lawama ingewaangukia vijana wa miaka 19 na 20 ambao hawakuwa na mikataba wala mishahara. Alichofanya ni kuubeba mzigo mwenyewe na kuwaonyesha watu nafasi tupu kwenye benchi. Alikosekana pia katika mchezo uliofuata, uliokuwa ugenini dhidi ya Providence, chuo kilichomsomesha. Kati ya michezo hiyo miwili nchi nzima iliadhimisha siku ya Martin Luther King, na makocha wengine, John Chaney wa Temple akiwa mstari wa mbele, walipaza sauti zao pamoja naye.

Ni kweli pia kwamba si kila kocha angeweza kufanya hivyo. Thompson alikuwa na taji la ubingwa, alikuwa ametoka kuiongoza timu ya taifa ya Marekani katika Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, ingawa ilirudi na medali ya shaba na yeye akalaumiwa sana, na chuo chake kilimhitaji kuliko yeye alivyokihitaji. Kocha Mweusi wa chuo kidogo cha Kusini angeliacha benchi Jumamosi na kukuta Jumatatu limeshapata mtu mwingine. Vilevile alikuwa mtu mgumu. Aliwafungia waandishi wa habari milango ya mazoezi, aliwaficha wachezaji wa mwaka wa kwanza wasihojiwe, na katika fainali za mwaka 1982 zilizofanyika New Orleans aliilaza timu Biloxi, katika jimbo jingine. Ukali huohuo uliowaudhi wengi ndio uliomwezesha, wakati mfanyabiashara mkubwa wa dawa za kulevya wa Washington alipoanza kuwazoea wachezaji wake, kumwita ofisini na kumwambia ana kwa ana awaache vijana wake. Sidhani kwamba mtu anaweza kuchukua sehemu moja ya tabia hiyo na kuiacha nyingine.

Viongozi wa NCAA walikutana naye ndani ya wiki moja, na baada ya kuridhika kwamba kanuni itaangaliwa upya kabla ya kuanza kutumika, alirudi kazini. Katika mkutano mkuu wa Januari 1990 kanuni ililegezwa: kijana asiyetimiza masharti yote aliruhusiwa kupata msaada wa fedha wa chuo kwa kigezo cha uhitaji, mradi fedha hizo zisitoke katika mfuko wa michezo. Huo haukuwa ushindi kamili. Mtihani ulibaki, na katikati ya miaka ya 1990 masharti yakakazwa tena kwa kanuni nyingine, iliyopelekwa hadi mahakamani. Thompson hakunyamaza, mwanzoni mwa 1994 alikuwa miongoni mwa makocha Weusi waliotishia mgomo mkubwa zaidi, na mwaka huohuo alimpokea Allen Iverson, kijana aliyetoka kifungoni kwa kesi ambayo hukumu yake ilikuja kufutwa, baada ya mama yake kwenda kumwomba kocha amsaidie mwanawe. Iverson alipoingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu mwaka 2016 alimshukuru Thompson kwa kuyaokoa maisha yake.

Thompson alijiuzulu tarehe 8 Januari 1999, katikati ya msimu, kwa sababu za kifamilia, akiwa ameshinda michezo 596 na kupoteza 239. Alifariki dunia tarehe 30 Agosti 2020, akiwa na miaka 78. Januari 2023, katika mkutano mkuu uliofanyika San Antonio, Texas, NCAA iliondoa alama za SAT na ACT katika masharti ya mchezaji anayeingia chuo katika madaraja yake mawili ya juu, na kuanzia hapo anayetazamwa ni kijana na masomo yake ya sekondari.